Nani anapiga VACUUM FULL saa sita mchana mwisho wa mwezi? Mnamjua, simtaji

Wakuu, salamu baadaye, nina hasira mpaka mikono inatetemeka.

Jina simtaji. Kama unafanya kazi ya databesi mjini hapa unamjua: yule mshauri anayeingia ofisi za watu na kusema "hapa pana uchafu" kabla hajavuta kiti. Leo zamu ilikuwa yetu. Mwisho wa mwezi, mawakala nchi nzima wanaingiza mauzo, bwana mkubwa akaandika VACUUM FULL, amri ya PostgreSQL (programu yetu ya databesi) ya kusafisha jedwali kwa kulinakili lote upya, kwenye jedwali la mauzo. Kwenye seva ya kazi. SAA SITA MCHANA!

Kila kitu kikasimama. Siyo kuandika tu, hata kusoma. VACUUM FULL inataka kufuli la ACCESS EXCLUSIVE, linalowafungia wengine wote nje ya jedwali, na hilo likishaombwa hata SELECT (kusoma) ya mstari mmoja inapanga foleni nyuma yake. Simu zimelia mpaka mlinzi wa getini akaanza kupokea. Nikamwendea. Akaninyooshea kiganja bila hata kugeuka: "Tulieni, ninasafisha."

Ninasafisha! Mbele ya bosi!

Nikafungua pg_stat_activity, orodha ya nani anafanya nini kwenye databesi. Wakuu, hakuwa anasafisha chochote. VACUUM FULL yake ilikuwa bado inangoja kufuli. Na aliyeizuia ni nani? Yeye mwenyewe! Dirisha lake la ripoti: muamala (kundi la amri zinazokubaliwa au kufutwa kwa pamoja) aliufungua Ijumaa kwa REPEATABLE READ, yaani unaendelea kuona data kama ilivyokuwa alipoanza kusoma, akalisoma jedwali lile lile la mauzo, COMMIT (kukubali) hakufanya, ROLLBACK (kufuta) hakufanya, akaenda zake wikendi. Hali yake imeandikwa "idle in transaction", yaani muamala uko wazi na umelala. Mtu anajisubiri mwenyewe, nchi nzima inamsubiri yeye, halafu ananinyooshea kiganja!

Na huo uchafu ni wake. Ukifanya UPDATE (kubadili data) kwenye PostgreSQL, mstari wa zamani haufutwi. Linaandikwa toleo jipya, na la zamani linabaki mpaka pasiwepo muamala unaoweza kulihitaji. Autovacuum, usafishaji wa PostgreSQL unaojiendesha wenyewe, imekuwa ikipita pale, inakuta dirisha lake bado linatazama picha ya Ijumaa, inaondoka mikono mitupu. Angelifunga tu! VACUUM ya kawaida ingepita huku watu wanauza. Hairudishi diski yote kwa mfumo, sawa, lakini nafasi inatumika tena na hakuna anayesimama.

Nikaiua kwanza ile VACUUM FULL, maana ningeanza na dirisha, ingepata kufuli na kuanza kunakili jedwali zima upya, saa sita mchana. Ndipo nikalikata dirisha kwa pg_terminate_backend. Mawakala wakarudi. Bosi akamshukuru nani? YEYE. "Asante kwa usafi."

Mzee wa Indeksi: Pole, ila na wewe mkuu! Muamala umelala tangu Ijumaa, unaamka leo? idle_in_transaction_session_timeout, ya kukata muamala uliolala kupita muda, ipo tangu toleo la 9.6, mwaka 2016. Mliiweka?

Mwenye uzi: Niliomba iwekwe, nikajibiwa itakatisha ripoti za huyo huyo! Halafu leo ndiye wa kuniambia "tulieni".

Binti Kanzidata: Afadhali wenu. Wetu alizima autovacuum kabisa, eti inakula CPU. Umri wa miamala ulipopita milioni 200 ikajiwasha yenyewe kuja kugandisha mistari ya zamani, yaani kuitia alama kwamba namba za miamala yake hazihitajiki tena. Akaiua. Ikarudi. Akaiua tena. Anadhani ni virusi! Nikamweleza kwamba umri huo ukikaribia bilioni 2, namba za miamala zikielekea kuisha, databesi itagoma kuandika, na kwamba Mandrill, huduma ya kutuma barua pepe, ilikwama hivyo hivyo Februari 2019. Kanijibu kwa kidole gumba.

Tumbo Joto: Hamieni MySQL mpumzike 😂

Mzee wa Indeksi: Acha kudanganya watu. InnoDB, injini ya MySQL, nayo inatunza matoleo ya zamani kwenye undo (ghala la data ya awali), na purge (usafishaji wake) inamngoja huyo huyo aliyelala na muamala. Hakuna pa kukimbilia. Mwenye uzi, hebu sema jedwali lako lina mistari mingapi? Ikiwa ni milioni 10 na hujagusa mipangilio, autovacuum inangoja mistari mfu (matoleo ya zamani yasiyohitajika) ifike kama milioni 2 ndiyo ije. Shusha scale_factor (sehemu ya jedwali inayopaswa kuwa mfu ndipo autovacuum ije) ya hilo jedwali peke yake, weka 0.01.

Mwenye uzi: Ilishashushwa zamani! Tatizo siyo autovacuum, tatizo ni KIGANJA. Saa sita mchana, mbele ya bosi!

Nahodha wa Oracle: Nyie mna kiganja, mimi nina kosa la Oracle, ORA-01555. Ripoti ya mwisho wa mwezi inakimbia saa tatu nzima, inakaribia kumaliza, inakufa kwa sababu matoleo iliyoyataka kwenye undo yameshaandikwa juu. Naomba undo iongezwe, meneja anasema niongeze RAM. RAM!

Binti Kanzidata: Mameneja na RAM 😭 Wetu hata diski ikijaa anasema RAM.

Tumbo Joto: Kwani huyo mshauri analipwa kwa siku au kwa kazi?

Nahodha wa Oracle: Kwa siku, na posho juu. Sisi tunaofanya matengenezo saa nane usiku hata nauli ya boda hatupewi.

Mwenye uzi: Jamani, turudi kwenye mada. Kile kiganja...

Binti Kanzidata: Nauli? Kwetu kadi ya mlango inazimwa saa kumi na mbili jioni. Ukibaki kusafisha databesi usiku unalala humo humo mpaka mfagiaji aje.

Mzee wa Indeksi: Ya kadi za mlango fungulieni uzi wake haraka, nina ya kusema mpaka kesho.