Python na RecursionError: kupandisha ukomo, kufungua thredi yenye staki kubwa, au kuandika kitanzi?

nodi_mzizi
Wadau, nalinganisha njia tatu za kupita kwenye mti ambao kina chake kinaweza kufika ngazi 5,000. Ukomo wa kawaida wa Python ni 1000 (idadi ya wito za funksheni zilizofunguka kwa wakati mmoja, moja ndani ya nyingine), baada ya hapo unapata `RecursionError: maximum recursion depth exceeded`. Funksheni ni hii:

```python
def jumla(nodi):
    return nodi.uzito + sum(jumla(m) for m in nodi.watoto)
```

Njia zenyewe: `sys.setrecursionlimit` (kupandisha ukomo huo), thredi (mkondo wa pembeni wa kuendesha msimbo) yenye staki kubwa (kumbukumbu ya wito ambazo hazijaisha), au kuacha kabisa funksheni inayojiita. Ipi inafaa, na kila moja inakwama wapi?

fremu_kwa_fremu
Kabla ya kuchagua, itazame vizuri hiyo `sum`. Kila ngazi ya mti inakula fremu mbili (fremu ni rekodi ya wito mmoja kwenye staki): ya `jumla`, na ya jenereta, yaani ile `jumla(m) for m in ...` iliyo ndani ya mabano. Kwa hiyo ukomo utaugonga kwenye ngazi ya 500 hivi au hata kabla, wala si 1000.

Tena `sum` imeandikwa kwa C (lugha iliyoandikiwa Python yenyewe), na hapo toleo la Python lina uzito mkubwa. Tangu 3.11, funksheni ya Python ikiita nyingine ya Python moja kwa moja, staki ya C haiguswi. Tangu 3.12, `setrecursionlimit` inahusu msimbo wa Python tu. Wito unaopitia C una kinga yake ambayo namba yako haiigusi. Unaweza kuweka 100,000 na kosa likabaki palepale. Andika hivi kwanza:

```python
def jumla(nodi):
    jibu = nodi.uzito
    for m in nodi.watoto:
        jibu += jumla(m)
    return jibu
```

Sasa ni fremu moja kwa ngazi, bila C katikati. Kwa 3.11 na kuendelea, `sys.setrecursionlimit(6000)` inatosha kwa ngazi 5,000. Zile 1,000 za ziada ni za fremu zilizokwisha kufunguliwa kabla `jumla` haijaitwa, maana ukomo huhesabu staki nzima.

pop_na_append
Mkuu hapo juu yuko sahihi kuhusu fremu, ila swali langu ni moja: hiyo 5,000 imetoka wapi? Mti uliosawazika wa matawi mawiliwawili wenye nodi milioni 1 una ngazi 20 tu, wala hauhitaji chochote kati ya haya. Orodha iliyoungwa nodi kwa nodi yenye idadi hiyohiyo ina kina cha milioni 1. Kama data inatoka nje ya programu, kina hukipangi wewe, na ukomo wowote utakaoweka kuna faili litakaloupita. Hapo ni kitanzi tu:

```python
def jumla(mzizi):
    staki, jibu = [mzizi], 0
    while staki:
        nodi = staki.pop()
        jibu += nodi.uzito
        staki.extend(nodi.watoto)
    return jibu
```

Staki sasa ni orodha ya kawaida, inakua kadiri kumbukumbu ya mashine inavyoruhusu. Angalia mambo mawili. `pop()` huchukua mtoto wa mwisho kwanza, kwa hiyo kama mpangilio una maana, weka `reversed(nodi.watoto)`. La pili ni zito zaidi: data ikiwa na mzunguko, nodi ikamrudia babu yake, toleo linalojiita litaanguka na RecursionError, lakini kitanzi hiki kitazunguka bila kikomo, na huenda kikala kumbukumbu. Tunza seti ya `id(nodi)` ulizokwisha kupitia.

nodi_mzizi
Na kama kila mzazi anahitaji majibu ya watoto wake kwanza?

pop_na_append
Sukuma jozi badala ya nodi peke yake: `(nodi, False)`. Ukiitoa ikiwa False, irudishe kama `(nodi, True)`, kisha sukuma watoto juu yake. Ikitoka mara ya pili ikiwa True, watoto wote wameshamaliza; soma majibu yao kwenye kamusi na uandike la kwake. Msimbo unarefuka, na hiyo ndiyo gharama halisi ya njia hii.

thredi_nne
Thredi ina nafasi yake: Python ya zamani kabla ya 3.11, na msimbo mkubwa ambao hauwezi kuuandika upya leo.

```python
sys.setrecursionlimit(200_000)
threading.stack_size(256 * 1024 * 1024)
t = threading.Thread(target=kuu)
t.start()
t.join()
```

`stack_size` lazima itangulie kuundwa kwa thredi. Ukipandisha ukomo bila kupanua staki kwenye matoleo hayo, hupati tena RecursionError. Mchakato mzima unakufa kwa segmentation fault (mfumo unaiua programu kwa kugusa kumbukumbu isiyoruhusiwa), na kwenye Linux ganda linaonyesha msimbo wa kutokea 139. `try/except` haisaidii hapo. Endesha kwa `python -X faulthandler` uone angalau mstari ulipofia. Pia kosa likitokea ndani ya `kuu`, linachapishwa lakini programu inaweza kumaliza na 0 kana kwamba mambo ni shwari. Hifadhi kosa kwenye kigeu na ulitupe upya baada ya `join`.

Ila usiweke `setrecursionlimit` ndani ya maktaba. Inabadilisha ukomo wa programu nzima ya mtu mwingine.

fremu_kwa_fremu
Niongeze: hakikisha kwanza kwamba ni kina halali. Chapisha hoja ya kila wito. Kama haibadiliki, huo ni mzunguko usio na mwisho na hakuna ukomo utakaouponya. Mahali panaposumbua sana ni hapa:

```python
def __getattr__(self, jina):
    return getattr(self._ndani, jina)
```

`copy.copy` huunda kitu kipya bila kupitia `__init__`, kwa hiyo `_ndani` haipo bado. Kuitafuta kunaita `__getattr__`, nayo inaitafuta tena. Tanguliza `if jina.startswith("_"): raise AttributeError(jina)`.

Na kwa wenye `lru_cache` (huhifadhi majibu ya funksheni ili yasikokotolewe tena) kwenye 3.12 kwenda mbele: nayo inapitia C, kwa hiyo jaza kutoka chini, `for i in range(0, n, 200): f(i)`, ili kila wito ushuke ngazi 200 tu kabla ya kukuta jibu lililohifadhiwa.