Aliyeandika lugha ya watu huku anatafuta msosi, tumwamini?

Mjukuu wa Rungwe: Wakuu habari zenu. Niko Tukuyu huku, mvua tokea juzi haikati, nimeshinda ndani nasoma habari za Andrew Boorde, daktari wa Kiingereza, mwaka 1542 kaandika kitabu cha kuelekeza wasafiri na humo kaweka Kikornishi, lugha ya Cornwall kule pembeni kusini magharibi mwa Uingereza. Kaweka namba kuanzia moja na vimaneno vya safari, ila sasa vingi ni binti nipe mayai na siagi, mara mvinyo, yaani tumbo. Mtu kama huyo kaielewa lugha kweli?

Kamwene_Iringa: Kamwene mkuu. Namba mbona kapatia, tano kaandika pimp na Wales ni pump, mbili dow na Wales dau. Hizo ni ndugu kabisa. Tena padri Gerald alishazunguka Wales 1188 na askofu mkuu Baldwin, akaandika kwamba lugha ya Cornwall na ya Bretagne, kaskazini magharibi mwa Ufaransa, zinafanana, na Mwelisi, yaani mtu wa Wales, anazielewa karibu zote. Ni kama Mhehe na Mbena tu, mkikaa stendi moja mnapiga stori.

dogo_wa_Sae: Mi napinga kidogo kaka. Mgeni anaandika anavyosikia kwa herufi za kwao. Juzi mgeni mmoja hapa nimemfundisha ndaga fijo, asante sana ya Kinyakyusa, kuchungulia daftari lake kaandika "daka fijo" 😂 na chai kapewa vilevile. Kazi ya maana ni ya Edward Lhuyd, Mwelisi mwenyewe, 1697 hadi 1701 kapita Wales, Ireland, Scotland, Cornwall mpaka Bretagne ambako Wafaransa walimkamata wakidhani jasusi. Huyo akatunga mpaka herufi za matamshi, kitabu kikatoka 1707.

Mjukuu wa Rungwe: Aisee sawa, Lhuyd fundi. Ila dogo ngoja kwanza, maandishi mengi ya Kikornishi yaliyobaki ya enzi za Boorde ni maigizo ya dini, Mungu na watakatifu wanaongea kwa mashairi. Sasa binti wa kuhudumia wageni anaambiwaje lete mayai, hilo nani angeliandika kama sio mtu mwenye njaa? Basi kosa la herufi namsamehe.

Mvua imepungua, ngoja nikamuulize bibi siagi kwa Kinyakyusa inaitwaje maana nimejikuta sijui.