Joto la mwako wa ethanoli: nimepata nusu tu, nimekosea wapi?

Mwl_wa_zamu: Habari zenu wakuu. Nafundisha kemia kidato cha tano, maabara yetu ya kuungaunga. Jana tumepima joto la mwako wa ethanoli: maji gramu 200 kwenye bika la kioo, chini kibatari cha spiriti. Maji yalipanda kutoka nyuzi 26 hadi 48, kibatari kikapungua gramu 1.15. Nikapiga 200 × 4.2 (juli za kupasha gramu moja ya maji nyuzi moja) × 22, kilojuli 18.48. Gawanya kwa moli 0.025 (gramu 1.15 kwa 46, gramu za moli moja ya ethanoli), napata kilojuli 739 kwa moli. Kitabu kinasema 1367! Wanafunzi walinicheka kimoyomoyo, niliwaona.

Mkaa_moto: Hesabu iko sawa mkuu, joto ndilo lililokutoroka. Panga boi lilikuwa linazunguka? Kitako cha bika kina masizi?

Mwl_wa_zamu: Lilizunguka, joto la Dar mnalijua. Masizi yapo.

Mama_Maabara: Basi fupisha utambi. Masizi ni kaboni isiyoungua, na nishati yake imebaki humohumo. Bika nalo linakula joto ambalo hukulihesabu. Chukua kopo la maziwa ya unga, lifunike, zungushia bati kuzuia upepo. Ila niambie, mwalimu: kibatari ulikipima muda gani baada ya kukizima?

Mwl_wa_zamu: Aibu. Tulikwenda chai kwanza. Dakika ishirini hivi, bila kifuniko.

Mama_Maabara: Haya sasa! Spiriti ikaruka hewani, wewe ukaiandika kuwa imeungua. Zima kwa kifuniko, kiache hapohapo, nenda mizani moja kwa moja. Tena spiriti ya dukani ina maji na methanoli, ukiigawa kwa 46 unajidanganya.

Mkaa_moto: Kipimo cha uhakika hutaka kalorimita ya bomu: chuma kinene kilichozamishwa majini, ndani oksijeni imeshindiliwa kufikia angahewa kama 30. Kwanza huchomwa asidi benzoiki, inayotoa kilojuli 26.4 kwa gramu, ijulikane chombo chenyewe kinameza kiasi gani. Kwa kibatari usiiote 1367.

Mwl_wa_zamu: Mrejesho. Ethanoli safi nimeazima shule jirani, kopo, utambi mfupi, panga boi limezimwa (tumeloa jasho chapachapa). Maji yamepanda nyuzi 24, kibatari kimepungua gramu 0.97. Jibu: 956. Mmoja wa waliocheka sasa anataka tupime mafuta ya taa. Nimemwambia kopo aje nalo lake, hili litajaa masizi.