Gari dogo la michezo limelegea kwenye kona: nianzie wapi kwa fedha kidogo?

Swali

Ndugu wanajukwaa, nina Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza yenye injini ya lita 1.6, na nguvu zake zinanitosha. Kinachonisumbua ni kwamba nikiingia kona usukani unachelewa kuitika, mkia unayumba kabla ya kutulia, na mkono wa gia unacheza kama mwiko ndani ya sufuria. Nimeshawishika kununua springi fupi na ekzosi kubwa, lakini uwezo wangu unatosha kimoja tu. Ni badiliko gani nitakalolihisi mikononi, si masikioni pekee?

Jibu la 1

Mkuu, achana na ekzosi. Gari hilo lilipozinduliwa mwaka 1989 halikufika hata tani moja, na kila gurudumu lake hushikwa na mikono miwili, wa juu na wa chini, kwa hiyo umbo lenyewe halina kasoro; kilichochoka ni mpira. Bushi, yaani vipande vya mpira kwenye maungio ya mikono hiyo, zikipasuka, gurudumu hugeuka lenyewe kidogo kila linapoelemewa, na huko ndiko kuchelewa unakokulalamikia. Nunua bushi mpya za mpira, kwani zile za plastiki ngumu huleta mtetemo na hulia zikikosa grisi. Jambo moja ambalo mafundi wengi hulipuuza: nati zikazwe gari likiwa limekaa kwa uzito wake, maana bushi ya mpira iliyokazwa magurudumu yakiwa yananing'inia hubaki imejisokota na hupasuka mapema.

Jibu la 2

Naafiki, ila mimi ningeanza na kinachogusa barabara. Ubavuni mwa tairi, mwishoni mwa maandishi ya DOT, kuna tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Mpira mkongwe hukakamaa hata kama tairi halijawa kipara. Pima pia upepo matairi yakiwa ya baridi, kisha upimishe alaimenti, yaani mwelekeo wa magurudumu, na udai vipimo vya nyuma, kwa sababu matairi ya nyuma yakitazama nje hata kidogo, mkia hukosa utulivu kama ulivyoeleza. Rimu kubwa usizitamani. Mara nyingi huwa nzito zaidi.

Jibu la 3

Kuhusu gia: mkono huo umesimama ndani ya kikombe chake chenye mafuta, juu ya giaboksi, nao una bushi ndogo ya nailoni na kifuniko cha mpira. Vyote hubadilishwa kutokea ndani ya gari, pasipo kushusha giaboksi. Kifuniko kikichanika utahisi pia joto likipanda kutoka chini. Springi fupi juu ya shokapu zilizochoka zitakugongesha kwenye kila tuta, basi.

Muuliza swali

Nimesoma tarakimu: mbele 3121, nyuma 0613. Matairi ya nyuma ni ya wiki ya 6 ya mwaka 2013, na nikiyakandamiza kwa ukucha hayabonyei kabisa. Nitabadili yote manne, nifuate bushi, na alaimenti nitaipimisha baada ya hapo, kwa kuwa nikiitanguliza bushi mpya zitaivuruga. Kifuniko cha gia nimekwisha kukifungua. Kimechanika nusu duara, na kikombe ni kikavu.