Nina milioni 4.5 na kamera yangu, niache kushuti harusi nifanye filamu?

Mvuta_Fokasi:
Wakuu habari za mida hii. Mimi niko Mwanza, mwaka wa sita huu nashuti harusi, sendoff, kipaimara na misiba ikitokea, nimeajiriwa na jamaa mmoja mwenye studio hapa mjini. Nimejibana nimefikisha milioni 4 na nusu, kamera ninayo, lenzi mbili, taa mbili za LED, kompyuta ya kuedit inajikongoja ila inafika. Nina skripti ya dakika 90, mama muuza dagaa pale Mwaloni Kirumba, mumewe kapotelea ziwani na mtumbwi wa watu, sasa mwenye mtumbwi anamdai mjane. Nimeiandika miaka miwili. Mpango ni kumuaga bosi mwezi ujao, nishuti siku 20, nikimaliza niuze kwenye tv au nipandishe Youtube. Wife anasema nimechanganyikiwa. Waliopita njia hii, hela inatosha? Mlikwama wapi? Msinipake mafuta kwa mgongo wa chupa, semeni ukweli.

jembe_halimtupi:
Acha uoga mkuu, ruka tu utaelea. Uganda pale Wakaliga yule mtengeneza filamu Isaac Nabwana alianza bila hata hiyo hela yako na leo anajulikana dunia nzima.

mzee_wa_boom:
@jembe_halimtupi huyo Nabwana unayemtaja alikuwa anafyatua matofali na studio ni nyumbani kwake, waigizaji wake wenyewe ndio walikuwa wanazungusha DVD mitaani. Hakuacha kazi akasubiri tv impigie simu. Tusidanganyane.

Mdogo wangu wa Mwanza, mkeo msikilize. Nimefanya filamu mbili kwa hela yangu, ya kwanza ilinitoa kwenye chumba changu Manzese ikanirudisha kwa mama Tandika nikiwa na miaka 34, kwahiyo siongei kwa kusimuliwa. Hela haikuliwa na kamera, ililiwa na mdomo. Tulikuwa watu 14, siku 9, sahani ya mchana na ya usiku 3,500 kila moja, piga hesabu hiyo ni 882,000 hapo hujaweka chai, hujaweka maji, hujaweka bodaboda za waigizaji wa Gongo la Mboto ambao daladala ishawaacha. We unasema siku 20! Kwa watu haohao karibu milioni 2 imeondoka kwenye wali maharage tu.

Halafu sauti. Sisi watu wa harusi tumezoea kuifukia sauti chini ya muziki, ukikosea unaweka wimbo maharusi wanaingia ukumbini maisha yanaendelea. Kwenye filamu hiyo haipo. Mimi nilitegemea maiki ya juu ya kamera, nyumba ya mabati, siku ya tatu ikashuka mvua, mama anamwambia mwanae baba yako hatunaye tena unachosikia ni tatatatata. Nikawaita studio warudie maneno, mmoja keshahamia Dodoma, mwingine anataka alipwe upya, na midomo haiendani, utadhani muvi ya Kihindi ya kibanda umiza imetafsiriwa na dj. Tafuta mtu wa sauti kabla hujawaza lenzi ya tatu. Na kila lokesheni kabla hamjafungasha watu wote wanyamaze, rekodi huo ukimya dakika nzima wa kuzibia mapengo ya sauti, edita atakuombea dua.

Steringi wangu naye siku ya kwanza alikuja na rasta, wikiendi akaenda harusini kwa shangazi yake akafumua. Kwenye filamu anaingia mlangoni na rasta anatokea sebuleni na twende kilioni. Sikuwa na hela ya kurudia, ikaenda hivyohivyo, mpaka leo wanangu wananitania.

Ila kinachoniuma zaidi ni karatasi. Msambazaji mmoja (simtaji) akanipa milioni 3 nimkabidhi masta (kopi mama ya filamu), nina deni la jenereta, nikasaini bila kusoma. Kumbe nimeuza haki zote, njia zote, milele. Miaka miwili mbele niko kwenye basi naenda Moshi naiona filamu yangu kwenye skrini, abiria wanacheka pale nilipotaka wacheke, jirani ananiambia "hii kali braza". Nikanyamaza natafuna korosho.

Mvuta_Fokasi:
Duh. Hiyo ya basi imenikata maini mkuu. Sasa mkataba mzuri unakuaje?

DadaTimeline:
Mkuu mimi ni edita, nakaa Mwenge, naletewa filamu za watu zikiwa zimeshaharibika kwahiyo naona mengi 😅. Kwenye mkataba angalia vitu vitatu, unampa kwa njia ipi (tv, mtandaoni, mabasi ni vitu tofauti), kwa nchi zipi na kwa muda gani. Tv wanaweza kuchukua kurusha kwa miaka miwili halafu haki inabaki kwako, huo ndio mkataba, ukiona neno "milele" rudisha kalamu mezani. Na isajili kazi yako COSOTA, wale wa hakimiliki, ili siku ya kugombana uwe na pa kuanzia.

Kingine watu wanasahau hata waigizaji unatakiwa uingie nao mkataba, hata kama ni mshkaji wako, hata kama anaigiza bure, aandike kwamba ameridhia sura yake itumike. Nimeona filamu imefia kwenye kompyuta yangu sababu steringi na dairekta walikuwa wapenzi wakaachana. Sitanii.

Muziki usichukue wa mtu. Ukiweka wimbo wa Bongo Fleva unaoupenda Youtube wanautambua ndani ya dakika, matangazo yakilipa hela inaenda kwa mwenye wimbo au video inashushwa kabisa. Na usiitegemee Youtube kwa filamu moja, ili upate mgao wa matangazo wanataka sabskraiba 1,000 na masaa 4,000 ya watu kutazama ndani ya mwaka, na hata ukivuka hapo hela haitoki mpaka ifike dola 100. Wanaokula vizuri kule ni wale wa vichekesho na tamthilia fupifupi, wanapandisha kila wiki.

Vibali. Bodi ya Filamu wanataka waone skripti kabla hujashuti, na ukimaliza unairudisha ikaguliwe na ipangiwe daraja ndio uionyeshe hadharani. Serikali ya mtaa nao wape taarifa. Kwenye skripti yako kama kuna polisi usishone sare kienyeji, omba ruhusa, vinginevyo utalala ndani na steringi wako.

Oh na hard disk za kutunzia kazi ZIWE MBILI, ziishi nyumba tofauti.

Shangani_Mie:
Assalaam aleikum nyote. Mie nipo Unguja. Kaka hujasema kama unataka tamasha au unataka soko, hivi ni vitu viwili, kwa sababu matamasha mengi yanataka filamu ambayo haijaonekana, ukishaitia Youtube mlango ushaufunga mwenyewe. Kwa hiyo kwanza tamasha, halafu tv, Youtube iwe mwisho. ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar, ipo hapa kwetu kila mwaka tangu 1998 na filamu fupi wanapokea, ukiingia ukakaa pale Ngome Kongwe usiku watu wamejaa uwanjani wanaangalia kazi yako, wallahi huo ni mshahara peke yake, ingawa dukani hawaupokei. Na tia maandishi ya Kiingereza chini, yaandikwe na mtu anaejua, mimi nimeona "dagaa" imeandikwa "small things".

Halafu siku ukija kushuti huku usidhani kibali cha bara kinatosha, Zanzibar tuna BASSFU yetu, baraza la sanaa na filamu, unaanza moja.

msee_wa_ngara:
Wasalimie TZ. Huku Nairobi ni hivyohivyo tu, lazima license ya kushuti, alafu hata ukiwa nayo kanjo (askari wa kaunti) wakikuona na tripod huko town lazima waulize maswali. Kuhusu censorship mnakumbuka Rafiki ya Wanuri Kahiu 2018, filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa Cannes na nyumbani ikapigwa ban, ikabidi waende kortini, jaji akaifungulia siku saba na watu wakajaza ukumbi. Yaani unaeza shinda huko nje na usionekane na majirani zako.

Mimi ushauri wangu ni usiache kazi. Mimi nafanya matangazo ya biashara na video za NGO, ndio zinalipa rent, short film zangu nashuti Januari wakati hakuna kazi. Hakuna mtu amewai niuliza kwa nini nilishuti Januari.

nyavu_kavu:
Mimi si mtu wa filamu, ni mtoto wa Ukerewe, ila nimeona dagaa nikaingia. Kaka wavuvi wa dagaa wanafanya kazi usiku wa giza, wanavutia dagaa kwa taa. Mbalamwezi ikikaza wanapumzika, mitumbwi inalala ufukweni, wanashona nyavu na kupiga stori. Ukitaka mitumbwi kwa bei ya mshkaji na watu wa kuigiza wasio na haraka njoo siku hizo. Ukija mwezi ukiwa haupo watakuona unawaharibia riziki, utalipia mpaka utakoma.

mzee_wa_boom:
@nyavu_kavu hiyo nondo! Ila scene za usiku ziwani na taa zao atazipataje? Aje siku mbili za giza kushuti kazi halisi kwa mbali, maigizo yote yaje kwenye mbalamwezi.

Mvuta_Fokasi:
Wakuu asanteni, nimesoma yote mara mbili na wife nimemsomea ya basi la Moshi akacheka sana halafu akaniangalia. Bosi simuagi. Nimekaa na skripti jana usiku mpaka saa tisa, dakika 90 nimezikata nimebaki na ile sehemu moja tu, mwenye mtumbwi anakuja kudai siku ya arobaini ya marehemu, watu bado wako kwenye turubai. Inakaa dakika 17 hivi, lokesheni mbili, waigizaji watano, siku nne. Misiba nimeshashuti mingi najua turubai linavyokaa na nani anakaa wapi. Ile nyingine nitaiandika tena nikipata akili.

Wavuvi nitawafuata mbalamwezi. Kilichobaki ni sauti, kuna mtu anamfahamu mtu wa sauti Mwanza au Shinyanga mwenye boom (maiki ya fimbo) lake mwenyewe? Siyo dj.

mzee_wa_boom:
Njoo inbox. Nauli na msosi vyako, boom langu. Na mwambie mwenye turubai asilete la mabati.