Tanga mjini bila nauli wala kiingilio: Jamhuri, Raskazone au mikoko ya Sahare?

Cherehani wa Ngamiani
Assalamu alaykum wana Tanga. Nimehamia hapa kutoka Lushoto mwaka jana. Nashona kwenye fremu Ngamiani siku sita kwa wiki, asubuhi mpaka taa zinawashwa. Nyumbani nilizoea kufungua dirisha nikaona miti. Hapa naona ukuta wa jirani, na kifua kinabana. Nina Jumapili tu. Pesa ya matembezi sina, maana nauli ya kwenda na kurudi ni mboga ya siku, ila baiskeli ninayo. Nimetajiwa sehemu tatu: bustani ya Jamhuri, ufuo wa Raskazone na mikoko ya Sahare. Mapango ya Amboni nimeyatoa kwa sababu ya kiingilio. Ipi inafaa kwa mtu anayetaka kurudi kila wiki, si kwenda kupiga picha mara moja?

Mama wa Chumbageni
Karibu mwanangu. Mimi ni mtu wa Jamhuri. Kivuli kipo, upepo wa bahari unapanda, na mbele yako una bandari na kisiwa cha Toteni. Nakaa peke yangu na sijawahi kusumbuliwa. Kasoro ni jioni: watoto, askirimu, kelele. Nenda saa moja asubuhi uwahi ndege.

Upepo wa Kusi
Raskazone ni pa kuogelea, ila sehemu nzuri nyingi ni za kulipia, na ukishakaa kwenye kiti cha mtu utaona haya usipoagiza soda. Kwa masharti yako naiweka ya tatu. Njia ya kwendea huko kwa baiskeli, chini ya miti mikubwa, naipenda kuliko ufuo wenyewe.

Mtoto wa Sahare
Nimezaliwa Sahare na baba yangu alikuwa mvuvi, kwa hiyo upendeleo upo. Dada, ukija huku bila kujua maji utapoteza Jumapili. Bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hapa hupanda zaidi ya mita 3, na maji yakijaa huoni kitu. Angalia mwezi. Ukiandama au ukiwa mpevu, maji hutoka kama saa nne asubuhi, kisha kila siku huchelewa kama dakika 50. Kalenda ya msikitini inatosha: Jumapili ikiangukia tarehe 1 hadi 3 ya mwezi wa Kiislamu, au 15 hadi 17, njoo. Siku za maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo tu, usijisumbue, baki Jamhuri kwa Mama.

Ukifika usiingie kwa haraka. Simama pembeni, kimya, kama dakika kumi. Kaa walioingia mashimoni kwa kishindo cha miguu yako watatoka tena, na madume, wale wenye gando moja kubwa, wataanza kulipunga kuita majike. Utaona visamaki vinavyorukaruka juu ya tope kana kwamba vimesahau maji. Mkoko utaujua kwa mizizi iliyoinuka kama miguu, na mbegu yake huota ikiwa bado imening'inia kwa mama yake. Mchu, mti mwingine wa humo, ndio wenye vimizizi vilivyosimama tope zima kama penseli. Mti hupumua kwa vimizizi hivyo. Ramba jani lake: ni chumvi. Mti umeitoa wenyewe.

Kuanzia mwezi wa nane hadi wa nne kuna sululu, ndege mwenye mdomo mrefu uliopinda chini. Wanatoka nchi za kaskazini kabisa, Urusi na huko, wanakuja kula kwetu. Nina miaka arobaini na bado nawangoja.

Vaa raba kuukuu, si ndala. Na tawi usivunje, mikoko ni hifadhi.

Mzawa wa Duga
Kaka wa Sahare umesema vizuri ila hukusema yote. Zipo sehemu watu wanatupa taka na kujisaidia. Binti asiende peke yake mara ya kwanza.

Mtoto wa Sahare
Kweli, na inaniuma. Aje upande wa wavuvi, wamo kina mama wanaokaanga samaki, atakuwa machoni pa watu.

Mwalimu wa Baiolojia
Utafiti uliochapishwa 2019 kwa watu karibu 20,000 wa Uingereza uliona kwamba waliokaa kwenye mazingira ya asili dakika 120 au zaidi kwa wiki walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kusema wana afya njema na wameridhika na maisha. Iwe kwa mkupuo au vipande, haikuleta tofauti. Ndiyo maana nakushauri usiiachie Jumapili kazi yote. Chagua mti mmoja karibu na fremu, kunywa chai yako chini yake kila siku.

Jingine, kwa kuwa umetoka milimani: maji ya bomba hapa mjini yanatoka mto Zigi, na Zigi unaanzia misitu ya Amani, Usambara Mashariki. Usambara inakufikia kwenye ndoo kila asubuhi.

Cherehani wa Ngamiani
Mwalimu, hilo la ndoo nimelisoma mara tatu.

Nimerudi kuwapa majibu. Jamhuri nimekwenda mara mbili, alfajiri, ni kama Mama alivyosema. Jumapili ya leo ilikuwa tarehe 16 ya mwezi wa Kiislamu, nikaenda Sahare na jirani yangu. Jani nimeliramba, na jirani akaramba akacheka mpaka kaa wakakimbia. Tumekaa mpaka maji yalipoanza kurudi, yanaingia kimyakimya kwenye vijito vya tope, hujui yamefika mpaka yakuguse. Kwangu Sahare ya kwanza, siku za bamvua. Wiki nyingine Jamhuri. Chini ya mwembe wa jirani na fremu nakunywa chai tangu Jumatano.

Kaka, pale ufuoni alisimama ndege wa rangi ya mchanga, miguu mirefu, macho makubwa ya njano, hasogei kabisa. Ni nani?

Mtoto wa Sahare
Chekeamwezi. Mchana hupumzika hivyo hivyo. Usiku wa mbalamwezi ndiye unayemsikia analia.