Naombeni ushauri: mteja anataka Wamasai, mimi ni Mkwere

Brashi_Bwaga: Wakuu, salaam. Nachora hapa Bagamoyo, Mji Mkongwe. Mwenye hoteli kaniagiza michoro mitano ya maisha ya asili ya Mtanzania. Nikamwonyesha niliochora mwenyewe: mwali wa Kikwere, mkekani, na mwana hiti wake, yule mwanasesere wa mti wa unyagoni. Kaukataa. Anataka Wamasai wanaruka, jua linazama nyuma yao. Umasaini sijawahi kulala hata usiku mmoja. Nikubali au nikatae? Usingizi sipati.

Kobe_Mzee: Chora Wamasai, kula hela. Mimi Mpare, nimeuza vinyago vya Wamakonde pale Mwenge mpaka watoto wakamaliza shule. Hakuna mteja aliyeniuliza kabila.

Mama_Zuu: Mwanangu, usisikilize. Sam Ntiro, Mchaga wa Machame, alisoma Makerere na London, bado akachora wanaume wanampelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Mchoro wa 1956, leo uko makumbusho ya sanaa ya kisasa New York. Alichora migombani kwao.

Mpiga_Pasi: Mama, Ntiro alikuwa na ajira. Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza miaka ya 1960 mwishoni na rangi za baiskeli kwenye hadibodi, wageni wa Oysterbay wakanunua. Soko ndilo lililomlisha.

Binti_Kaole: Kaka, hela umeshapokea? Na huyo mwali ana sura ya nani?

Brashi_Bwaga: Hayo si niliyouliza, dada.

Binti_Kaole: Ndiyo yenyewe. Jibu.

Brashi_Bwaga: Nusu nimepokea, imeishia kwenye turubai na rangi. Sura ni ya mpwa wangu. Mama yake karidhia. Somo wake, yule mama anayemfunda, hajaambiwa. Lakini kwetu ukoo unafuata mama, na mjomba ni mimi, neno langu lina uzito. Mambo ya ndani sijayagusa: ni uso, kanga na mkeka, basi. Jumamosi kuna mtu wa Dar anakuja kuununua. Siufichi.

Mama_Zuu: Mjomba kazi yake kumlinda mtoto, siyo kumtundika ukutani kwa watu!

Kobe_Mzee: Mpwa naye adai fungu lake 😂

Chifu_Msata: Uzi wa kutunga huu. Nani zama hizi anamweka mwali ndani na mwana hiti? Hao wako makumbusho. Jamaa anatafuta wateja hapa.

Lugoba_Damu: Chifu, usitusemee. Dada zangu wote walikaa ndani, likizo ya shule ilipofika. Siku zimepungua, somo yupo.

Chifu_Msata: Likizo siyo unyago. Aeleze huyo mwana hiti wake tumsikie.

Brashi_Bwaga: Wa bibi yangu. Hana mikono wala miguu, kichwani mashungi mawili, moja limemeguka ncha. Ushanga mweupe shingoni, uzi umebadilishwa, sasa ni wa nailoni. Kiunoni pamelika kwa kushikwa na kupakwa mafuta. Hapo ndipo palinichosha kuchora, weusi ule haupatikani kwenye tyubu, nilichanganya buluu na kahawia.

Lugoba_Damu: Huyo hajatunga.

Chifu_Msata: Sawa, nimekuelewa.

Binti_Kaole: Basi nenda kwa somo kabla ya Jumamosi. Anakaa wapi?

Brashi_Bwaga: Msoga. Nimtumie picha kwa simu ya jirani yake?

Binti_Kaole: Hapana. Ubebe mchoro wenyewe, na dada yako uende naye.